Shati Zima la Babu Lamar

Itangazwe kwa watu wote wenye masikio, na kwa kulungu wote wenye masikio marefu kuliko watu, kwamba Bwana Lamar Hutto, mwenyekiti wa maisha wa Kambi ya Cutoff, hajapata kukosa shabaha tangu azaliwe, na shati lake lingali zima.

Tangazo hilo liliandikwa kwa mkaa kwenye mlango wa choo cha kambi. Mwandishi wake alikuwa Teague, mjukuu wa Bwana Lamar, kijana wa miaka kumi na sita aliyekuja likizo kutoka shule ya bweni, ambako walimu walikuwa wamemwombea sana bila kuona mabadiliko.

Choo ndicho kilichokuwa imara kuliko vyote pale. Nyumba ya kambi ilikuwa imeinama upande wa kinamasi kama inayotaka kunywa maji. Mwenye ardhi alikwisha kuiuza Cutoff kwa watu wa mbao, na matrekta yao yalisubiri barabarani msimu wa uwindaji uishe. Siku ya mwisho ya msimu walibaki watatu tu: Babu Lamar, Teague, na Odell, mpishi. Mvua ilikuwa imenyesha mpaka asubuhi hiyo, na kulungu walikuwa adimu kama pesa ya kanisa mfukoni mwa Odell.

Ukutani, juu ya jiko, vilining'inia vipande vya mashati. Aliyekosa kulungu alikatwa upande wa nyuma wa shati lake kwa mkasi, jina lake likaandikwa, na kipande kikapigiliwa msumari wote wakicheka. Vipande vya Odell peke yake vingetosha kushona shuka. Jina la Lamar halikuwepo.

Sheria nyingine ya kambi haikuwa ya kuchekesha. Aliyemjeruhi mnyama akampoteza kinamasini, alitundika bunduki maisha yake yote. Lamar ndiye aliyeiweka, na wa kwanza kunaswa nayo alikuwa Odell, rafiki yake tangu utotoni. Odell akatundika bunduki, akashika kikaango.

Kwa Lamar, uwindaji ndio uliokuwa umebaki. Mkewe alikufa, kambi ilikuwa inakufa, lakini binamu yake wa Louisiana alikuwa amemkaribisha kwa msimu ujao, na habari hiyo ndiyo iliyomfanya angalau amalize chakula chake.

Teague naye alitaka jambo moja kabla ukuta haujabomolewa: kipande cha shati la babu yake. Jana yake, wazee walipokuwa wakiosha vyombo, alichukua sarafu akazungusha skrubu ya darubini ya bunduki ya babu yake, ili risasi iende kando. Alizungusha kidogo. Alifikiria kuongeza, akaogopa babu asije akagundua.

Mchana huo walikaa juu ya jukwaa mtini, babu na mjukuu, upepo ukiwapiga usoni.

"Upepo mzuri," Lamar alinong'ona. "Akija hatatunusa. Labda wewe. Umeoga lini?"

"Krismasi, Babu."

"Ya mwaka gani?"

Teague alibana kicheko. Mkasi ulikuwa mfukoni mwake, na hotuba ya kukata shati alikuwa ameikariri.

Dume la kulungu likatokea bila sauti kati ya miti ya misiprosi, pembe zake pana, likinusa kila hatua. Lamar hakuharakisha. Alisubiri ligeuke ubavu, likapiga hatua moja, likasimama. Akalenga nyuma ya bega, akafyatua.

Dume lilikunja mgongo kama paka, likakimbia.

Teague alikwisha kutoa mkasi. Lamar hakuutazama.

"Umeona alivyokunja mgongo? Hiyo ni risasi ya tumbo. Rudisha huo mkasi. Hatujakosa. Tungekosa ingekuwa heri."

Wakangoja kabla ya kushuka, kwa maana mnyama aliyepigwa tumboni akifuatwa upesi hukimbia mpaka asikoweza kupatikana. Waliposhuka, Lamar alipiga magoti matopeni akaokota jani. Damu iliyokuwa juu yake ilikuwa nyeusi, imechanganyika na majani yaliyotafunwa.

"Tazama. Huyu atakufa, lakini atakufa polepole. Ndiyo maana hatufanyi mzaha na hili, mwanangu."

Teague alitazama. Angezungusha skrubu zaidi, risasi ingepita hewani na leo wangekuwa wanacheka.

Walifuata tone kwa tone, mzee akiinama, kijana nyuma yake akiangalia mgongo wa shati lile ambalo halijaguswa. Damu iliishia ukingoni mwa maji. Waliingia hadi kiunoni, wakazunguka kila kisiki. Kundi la bata likatua mbele yao, karibu kiasi cha kuangushwa kwa fimbo. Lamar hakuinua bunduki. Bata aliyetua majini hapigwi, na siku hiyo hakuwa na haki ya kupiga hata anayeruka.

"Macho," alisema hatimaye. "Macho yangu yamekwisha, na nilikuwa sijui."

"Pengine upepo, Babu."

"Upepo haupindi risasi kwa umbali ule. Usinibembeleze."

Walirudi kambini jua likiwa bado lipo. Odell alitoka na kijiko mkononi, kejeli aliyokuwa ameiandaa ikamfia mdomoni alipoona uso wa rafiki yake.

"Tumbo?"

"Tumbo. Kaingia majini." Lamar alimnyooshea Teague bunduki. "Shika. Yako sasa. Mwambie binamu yangu sitakwenda."

Teague aliweka mikono nyuma. "Sitaki, Babu."

"Huna adabu. Mtu anapewa bunduki ya babu yake, anasema hataki?"

"Lamar," Odell alisema, "nimekujua miaka yote hii. Wewe humpigi mnyama tumboni, hata ukifumba macho. Lete hapa."

Alichukua sahani ya karatasi, akaibana kwenye kisiki, akalaza bunduki juu ya gunia la mchele. Hakuwa amegusa bunduki tangu alipotundika yake. Akalenga katikati, akapiga mara moja, akapiga tena. Mashimo yote mawili yalikaa pamoja, pembeni kabisa mwa sahani.

Odell aliigeuza bunduki, akatazama skrubu, akaipapasa kwa kidole gumba. Palikuwa na mkwaruzo mpya, unang'aa.

"Sijaigusa mimi," alisema polepole. "Na Lamar hachezei kitu chake."

Wazee wote wawili wakamgeukia Teague. Alitafuta neno la kuchekesha. Shuleni lilikuwa halikosi kumjia.

"Ni mimi, Babu. Nilitumia sarafu. Nilitaka tu shati lako liwe ukutani na mengine kabla hawajabomoa. Nilidhani utakosa."

Lamar alikaa juu ya kisiki, maji ya kinamasi yakimchuruzika kwenye suruali.

"Haibadilishi kitu," alisema. "Sheria ni ile ile. Bunduki ni yangu. Ni mimi niliyetakiwa kuipima asubuhi." Akakamua maji kwenye pindo la shati. "Lakini niambie. Nilipokuonyesha lile jani, ulikuwa umeshajua?"

"Nilikuwa nimeshajua."

"Na mle majini, nilipokuwa nalaumu macho yangu?"

"Hata mle majini, Babu. Nilikuwa najua muda wote."