Mwalimu Kwenye Birika

Mwalimu Nkatha alipotewa na sauti siku ya Ijumaa, na usaili wake ulikuwa Jumatatu saa tatu asubuhi. Kwa miaka sita alikuwa akifundisha kwa mkataba, leo yuko, kesho hajui, na sasa ameitwa mbele ya jopo afundishe somo la dakika kumi wamsikie. Wamsikie nini? Jumamosi alipofungua mdomo kunisabahi ulitoka upepo mtupu. Macho mekundu, pua inachuruzika.

Ni mpangaji wangu, mwanamke wa Meru, yuko chumba cha chini nyumbani kwangu hapa Mkomani, Lamu, tangu Januari. Mimi ninakaa juu, peke yangu tangu binti yangu Maram aolewe Mombasa. Mtaani husema Bi Huwaida ana hasira za karibu. Ni kweli, sikatai. Lakini mgonjwa simwachi, na dawa ya mafua ninaijua.

Nilichemsha sufuria kubwa: mrehani, mchaichai, majani ya mkaratusi, tangawizi ya kupondwa, karafuu kiganja kizima na chumvi ya mawe. Maji hayo unayazimua kwenye ndoo mpaka ngozi iyastahimili, unajimwagia kata baada ya kata huku umejifunika leso uvute mvuke, kisha moja kwa moja kitandani, usikutane na upepo. Upepo ndio unaoharibu kazi yote. Na bafu la mwalimu liko uani, halina paa.

“Leo koga kwangu juu, Mwalimu,” nikamwambia. “Mai ya baridi yamo humo ndani. Ukimaliza, usitoke nde mpaka ukauke.”

Nikamwachia sufuria, nikashuka jikoni kukoroga uji wa pilipili manga. Sikumwambia zaidi. Nani hapa Amu anayefundishwa kuoga?

Chooni kwangu mna birika la mawe na chokaa, limejengwa ukutani, linanifika kiunoni. Humo ndimo tunamoweka maji safi, tukayateka kwa kata, ya kuoga na ya kutawadha. Mkono hautumbukizwi, sembuse mtu. Ndani huwa na visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Vyangu vilikuwa sita, uzao wa wale aliowaleta marehemu mume wangu, Nabhan, kutoka kisimani.

Nilipopanda na uji nikasikia meno yakigongana. Nikagonga mlango, nikausukuma. Mwalimu alikuwa amekaa ndani ya birika na leso yake, maji kifuani, majani yanaelea kila upande, na visamaki vyote sita vimegeuka tumbo juu katikati ya karafuu. Alikuwa ameimimina sufuria yote humo. Sufuria moja ya maji moto kwenye birika zima si kitu. Yalikuwa baridi vile vile; visamaki viliuawa na karafuu na chumvi.

“Mwalimu!” nikapiga kelele. “Mai yangu ya kutawadhia! Kwenu ndivyo mkogavyo, mwangia ndani ya mai ya watu?”

Nikasema na mengine, kuhusu watu wa bara, ambayo siyarudii hapa. Jirani upande wa pili wa ukuta alizima redio asikie vizuri.

Alitoka akitetemeka, midomo imekuwa ya kijivu. “Pole, Bi Huwaida,” akanong’ona. “Hoteli moja Shela nilionyeshwa bafu la hivi, la kuingia ndani. Nikadhani ni hilo.” Akakohoa mpaka akashika ukuta. “Humu ndani sijawahi kuingia. Tangu Januari ni leo.”

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniuma. Aliposhika chumba nilimwonyesha bafu la uani nikasema la juu ni la familia. Familia gani? Niko peke yangu. Msimu wote wa mvua nilimwona dirishani akikimbia uani na ndoo yake na mwavuli, nami nikajiambia amezoea, kwao kuna baridi. Maji yangu ya udhu sikutaka yaguswe na mtu asiyeswali, huo ndio ukweli wenyewe, na nilikuwa sijawahi kuutamka hata moyoni.

Kufikia adhuhuri homa ilikuwa imempanda, kwa sababu yangu, na Jumatatu iko mlangoni. Nikachemsha sufuria ya pili, nikazimua ndooni, nikamkalisha kwenye kigoda na kummwagia mwenyewe mgongoni na kichwani, kama nilivyokuwa nikimwogesha Maram. Nikafanya hivyo mara mbili Jumamosi na mara mbili Jumapili. Kila mara nilitaka kumwomba radhi, na kila mara nilimwuliza kama maji ni moto sana.

Kazi aliipata, barua ilikuja wiki ya tatu. Lakini mimi ninaikumbuka Jumatatu yenyewe, aliporudi saa sita, viatu mkononi.

“Wamenisikia,” alisema. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, lakini ilikuwa sauti. “Hata wa nyuma kabisa. Na wakaniuliza kama wenyeji wamenipokea vizuri.”

“Ukawaambiani?”

“Nikawaambia nilipougua, mwenye nyumba alinipandisha kwake juu, akaniogesha kwa mkono wake.”

“Basi?”

“Basi. Mengine hawakuuliza.”

Nikashindwa kumtazama. Nikainama nikachukua taulo safi, nikampa, nikamwambia apande akaoge kabla ya chakula, birika nimeshalisugua na maji ni mapya.

Akasimama pale chini ya ngazi, taulo mkononi, haelewi.

“Lakini nimeshapona, Bi Huwaida,” akasema.

Nilitamani ardhi inimeze.