Pumzi za Colby

Saa tano asubuhi Verlene Stiltner alimkuta binti wa mwajiri wake amelala sakafuni bafuni, midomo imegeuka bluu.

Miaka sita alikuwa akifanya usafi kwa Bi Aldridge, kwenye nyumba kubwa za juu kilimani, huku West Virginia. Hakuhitaji kuambiwa kilichotokea. Alishayaona hayo nyumbani kwake bondeni, mara mbili, kwa mwanawe Colby. Mkobani alikuwa na kichupa cha dawa ya kupuliza puani, ya kumzindua aliyezidisha dawa za kulevya, alichogawiwa kanisani, cha mwisho. Akamlaza binti chali, akampulizia.

"Merritt! Vuta pumzi, mwanangu! Vuta!"

Kimya. Halafu msichana akakoroma, akavuta hewa kama mtu aliyeopolewa majini.

Bi Aldridge aliingia, akapiga kelele, kisha akamshika Verlene mkono. "Usipige simu ya dharura, nakuomba. Majirani wataona." Akampigia daktari wa familia, naye akaja upesi akipitia mlango wa nyuma. Mchana haujaisha, begi la Merritt lilishafungwa. Alikuwa anapelekwa kliniki ya mbali ya kutibu uraibu, huko Colorado. Watu wangeambiwa amekwenda kwa shangazi yake.

Ndipo Bi Aldridge alipokiona kile kichupa. "Kwa nini unatembea na dawa hii?"

"Ni ya mwanangu."

Mama yule akarudi nyuma hatua moja. "Kumbe ni wewe uliyemletea vidonge?"

"Mimi? Mimi nasugua choo chako tu. Hivyo vidonge vina jina la daktari wako kwenye chupa, iko pale bafuni."

Akatoka, akampigia Colby, maana sasa hakuwa na dawa ya kumwokoa. Simu ikaita hadi ikakatika. Akapiga tena, na tena. Akashuka mlima na gari lake kwa mwendo ambao hakuwahi kuendesha. Amelala tu, alijiambia. Huyo ni mvivu, amelala tu.

Mlango wa nyumba yao ya mabati ulikuwa umefungwa kwa ndani, na televisheni ilikuwa inacheka peke yake. Aliugonga kwa bega mpaka komeo likang'oka. Colby alikuwa kwenye kochi, kidevu kifuani, uso umepauka. Mezani, karatasi ndogo ya unga.

Maneno yake ya juzi yakamjia: "Mama, hata nikifa usiwaite polisi. Niko nje ya gereza kwa masharti. Wakinikuta na unga narudi ndani miaka mitano."

Angeweza kuuficha ule unga. Lakini kila sekunde ya kuuficha ni sekunde ambayo hapumui. Verlene akapiga simu ya dharura, akaiweka sakafuni ikiwa wazi, akambana mwanawe pua na kuanza kumpulizia pumzi mdomoni. Moja. Nyingine. Kizunguzungu kikampanda. Aliogopa kuacha, aliogopa hata kumtazama.

Dakika ishirini na tano zilipita. Walitangulia polisi. Yule wa kwanza aliitazama meza kabla hajamtazama Colby, kisha akatoa kiunoni dawa ile ile ya puani, akampulizia. Colby akakohoa. Lilipofika gari la wagonjwa, polisi walimfunga pingu kwenye machela.

"Anaumwa!" Verlene alilia. "Mpelekeni hospitali!"

"Tunampeleka, mama. Lakini ndiyo sheria."

Majira ya vuli Merritt alirudi. Kanisani watu walimsifu, eti shangazi amemlisha vizuri. Bi Aldridge alimsalimia Verlene kwa mbali. Siku nyingi alikuwa ameshaajiri mtu mwingine.

Jumamosi moja Verlene alikaa mbele ya kioo cha gereza, simu sikioni.

"Nilikwambia usiwaite," Colby alisema.

"Ulikuwa hupumui."

"Nilikwambia, Mama."

"Wanakupa dawa humu? Kuna anayekutibu?"

Colby akacheka kwa uchungu. "Walinipa ukuta wa kutapikia, basi."

Mlinzi akagonga mlango, muda umekwisha. Verlene alibaki ameshika simu. Miaka mitano ilimtisha. Ila kilichomnyima usingizi ni siku Colby atakayoachiwa, atoke hajatibiwa, mwili umesahau sumu kiasi kwamba kipimo cha zamani kitamuua, lakini roho bado inaitaka, na mama yake yuko kazini mbali, anampigia na simu inaita tu.