Pijo la Baba na Chetezo cha Mama

Mimi ni mwoga wa moto, na sioni haya kusema. Anayetaka kucheka na acheke, lakini kwanza akae ndani ya gari linalowaka, ashike kitasa cha mlango, kitasa kimkatalie, ndipo aje tuchekane.

Gari lenyewe lilikuwa Pijo 404 la marehemu baba. Nilikuwa ninarudi nalo nyumbani, nimefika Makadara, kumbe panya wametafuna waya chini ya boneti. Moshi ukanianza miguuni. Nilitokea dirishani, mkono wa kushoto umebabuka mpaka kiwikoni. Watu wakamwaga mchanga, wakamwaga maji, mmoja akamwaga hata soda aliyokuwa akinywa, na Pijo likabaki pale jeusi kama chungu kilichosahauliwa jikoni. Mtu mwenye akili angeliuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mimi nililirudisha nyumbani nilitengeneze, kwa sababu baba alilipenda kuliko alivyotupenda sisi, na kulitupa niliona kama kumzika mara ya pili.

Nyumbani ni Kibokoni. Chini ni ghala ambamo baba alikuwa akiweka bidhaa zake, juu tunaishi sisi: mama, mke wangu Razia na mimi. Ni nyumba ya boriti na chokaa, kuukuu, kavu. Pijo liliingia kwenye njia yetu kwa kukunjwa vioo vya pembeni, na gari la zimamoto haliwezi kuingia hata likisomewa dua. Nililijua hilo, na kila usiku nililala nalo. Kwa hivyo niliweka sheria moja: moto hauingii ghalani. Si sigara, si kiberiti, si mtambo wa kuchomelea.

Ngowa, rafiki yangu, fundi wa bodi kutoka Majengo, sheria hiyo ilimchosha.

"Yeslam, nikichomelea papa hapa ni kazi ya asubuhi moja," aliniambia.

"Hapa hapachomelewi kitu."

"Basi milango yote niibebe mpaka Majengo?"

"Ibebe."

Akaipakia kwenye mkokoteni na kuondoka akinicheka. Akairudisha imenyooka, tukaifunga. Mwezi baada ya mwezi nilipiga msasa, nikabadilisha waya, nikang'oa viti vilivyoungua, na kila nilipofunga kitu kipya nilikagua mara tatu kama kuna cheche inayoweza kutoka hapo. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Ambaye sheria haikumfikia ni mama. Si kwamba sikumwambia. Bi Ummulkheir ana miaka themanini na kitu, na masikio yamekwenda. Kile kifaa cha kusikilizia alichonunuliwa amekifungia kabatini pamoja na dhahabu zake, anasema kinalia kama mbu. Kumwambia jambo ni lazima upige ukelele mpaka Ndia Kuu wasikie. Nilimpigia ukelele kwamba moto usishuke chini, naye akanijibu kwa upole, "Inshallah, mwanangu, nitakula baadaye."

Na mama kila Ijumaa asubuhi hufukiza nyumba. Huweka makaa mekundu kwenye chetezo, akatia udi juu yake, akakizungusha chumba hadi chumba, pazia hadi pazia, mpaka nguo za kabatini. Chini hakuwa akishuka, magoti hayamruhusu, na mimi nikajipa moyo kwamba magoti yake yananilinda.

Wiki ile Pijo lilikuwa limetoka kupakwa rangi, jeupe pepepe. Watu walijaa mlangoni kulitazama. Walilisifu, wakalipapasa, na wengi hawakusema mashallah. Mama aliwaona kutoka dirishani na hakupenda.

"Jicho lilelile lililolichoma," alisema wakati wa chakula, "sasa larudi kwa mara ya pili. Na nyumba nzima yanuka petroli, hata mto wangu wanuka."

Kwake yeye jicho la watu na harufu mbaya dawa yake ni moja. Nilimsikia, nikaitikia kwa kichwa, nikaendelea kula wali wangu.

Ijumaa hiyo Razia alikuwa sokoni Marikiti. Nilifunga mlango wa njiani kwa komeo ili wapita njia wasinisumbue, nikalala chini ya gari juu ya kipande cha katoni. Tangi lilikuwa likidondoka tone moja moja, nami nikaona niikaze ile boliti ya chini. Nilipoizungusha spana kidogo tu, boliti ikang'oka na kutu yake yote, petroli ikanimwagikia kifuani. Ilikuwa baridi. Iliingia shingoni, kwapani, ikalowesha kikoi changu chote. Nilijaribu kuziba tundu kwa kidole, kisha kwa tambara, wapi. Nikajiburura nikatoka na kusimama, nimelowa chapa, petroli inaendelea kumwagika nyuma yangu na kutambaa sakafuni. Sakafu ya ghala letu imeinama upande wa ngazi.

Ndipo nikasikia harufu ya udi, na kandambili kwenye ngazi.

Mama alikuwa akishuka upandeupande, mkono mmoja ukutani, mwingine umeshika chetezo. Moshi ulimtangulia.

"Mama! Rudi! Rudi juu!"

Nilipiga ukelele ambao sijapata kuupiga. Yeye alikuwa akiangalia miguu yake. Nikapunga mikono yote miwili kama mwendawazimu. Akainua kichwa, akaniona, akatabasamu.

"Nakuja, nakuja. Usinishike, naweza mwenyewe," alisema. Kisha akaona makaa yamefifia, akayapuliza. Cheche mbili zikaruka, zikafa hewani.

Ningemkimbilia, lakini mimi mwenyewe nilikuwa utambi. Ningemkaribia na makaa yake tungeungua pamoja, tumekumbatiana. Ndoo za mchanga zilikuwa chini ya ngazi, upande wake. Nyuma yangu palikuwa na mlango wa njiani. Ningefungua komeo nikatoka, ningepona. Naye angeendelea kuja taratibu, apite juu ya petroli, alifukize gari la mumewe. Niliiona nyumba yote inawaka na mama yumo ndani, nikaiona wazi, kwa sababu mwanzo wake naujua unavyokuwa.

Kuna jambo moja mama hajalifanya maisha yake yote: hajapita mbele ya mtu anayeswali. Tulipokuwa watoto, kaka yangu akikimbizwa kwa bakora alikuwa akisimama ghafla na kufunga swala, na mama husimama na bakora yake akitetemeka kwa hasira, asimguse. Na kibla chetu, ndani ya ghala lile, kiko upande wa ngazi.

Mungu anisamehe. Nikainua mikono mpaka masikioni, nikasema Allahu akbar.

Mama alisimama palepale. Zilibaki ngazi mbili afike chini. Uso wake ulibadilika, na mimi nikauona, maana sikuwa na macho ya kutazama pa kusujudia. Mimi si mtu wa sunna, zile swala za hiari. Hata faradhi, mpaka wa leo, mama hunigongea mlango kwa fimbo. Na sasa ananikuta peke yangu, asubuhi, saa za swala ya dhuha, nimefunga mikono mbele ya gari.

Nilidhani atarudi. Hakurudi. Aliketi kwenye ngazi ili aningoje nimalize, akaweka chetezo kando ya mguu wake.

Nilisoma Alhamdu na meno yananigongana. Petroli ilikuwa imepata ufa wa sakafu na kuufuata, mbele, polepole, kuelekea ngazi. Nikitoa salamu kumaliza swala, mama atainuka aje. Nikirefusha, petroli itamfikia alipo. Nilirudia Alhamdu kwa sababu sikuweza kukumbuka sura nyingine yoyote, mimi niliyehitimu chuo cha Kurani nikachinjiwa mbuzi.

Anayeswali anaruhusiwa kumzuia kwa mkono anayetaka kupita mbele yake. Nikanyoosha mkono, nikasukuma hewa. Mama akanitazama tu. Nikasukuma tena, kwa nguvu, na tena. Akautazama mkono wangu, akautazama moshi unaonijia usoni, akashtuka.

"Ah, moshi wakukera! Niwie radhi, mwanangu, niwie radhi."

Akainuka kwa kujivuta ukutani. Chetezo kikaenda upande, kaa moja likaanguka kwenye ngazi, likabingirika mpaka ukingoni. Nilifumba macho. Nilingoja ule mvumo ambao moto huufanya unapopata petroli, niujuao. Haukuja. Nilipofumbua, mama alikuwa ameinama, akaliokota lile kaa kwa vidole vitupu kama walivyozoea wapishi, akalirudisha chetezoni, akapuliza vidole vyake. Kisha akapanda ngazi moja moja, mpaka kandambili zake zikasikika juu ya kichwa changu.

Sikuinama kurukuu. Nilianguka kifudifudi palepale, kipaji cha uso kwenye sakafu, nikalia kwa hofu, hofu tupu. Huko juu mama alikuwa ameshafika dirishani na anamwita jirani yetu wa nyumba ya mbele. Kwa kuwa hasikii hata sauti yake mwenyewe, maneno yake yote ni ukelele.

"Mwanakuu! We Mwanakuu! Yeslam yuwaswali dhuha! Mwenyewe, hakuambiwa na mtu!"

Nilimwaga mchanga wote, nikafungua mlango, nikakinga tangi kwa ndoo, nikaoga kwa sabuni ya kufulia mpaka ngozi ikawasha. Nikapanda juu nikiwa nimeazimia kumwambia. Ni lazima ajue, nilijisemea, ama Ijumaa ijayo atatuua.

Alikuwa kitandani, macho mekundu. Akaushika mkono wangu ulioungua na kuuweka mapajani mwake.

"Nalikuwa nikiogopa kufa nikakuacha hivyo ulivyo," alisema. "Kila usiku naogopa. Leo siogopi tena."

Nilifungua kinywa. Lakini mama haambiwi siri kwa sauti ya chini. Ukweli wangu ungepigiwa ukelele, na Mwanakuu alikuwa bado yuko dirishani, na nyuma yake binti zake, na chini kwenye baraza wazee wawili walikuwa wameshaanza kunitaja kwa wema. Nilifunga kinywa, nikambusu mama mkono.

Alasiri hiyohiyo Ngowa alikuja, tukalisukuma Pijo kwa mikono mpaka Majengo, injini imezimwa. Njiani nilimwambia yote. Nilidhani atacheka. Ngowa alisimama katikati ya njia, akafuta jasho, akasema, "Lisirudi tena kwako, hata likiisha." Halijarudi.

Mama aliambiwa gari limekwenda kwa fundi. Ijumaa iliyofuata nilishuka ghalani nikakuta pamefagiwa, pametandikwa mkeka, na mama ameketi kwenye ngazi na chetezo chake, ananingoja.

Nikasimama mkekani, mara hii nimetia nia ya kweli. Mama alizunguka kwa nyuma yangu ili asinikatie swala. Nilizisikia kandambili. Niliusikia mkaa ukipasukapasuka. Sakafu tulikuwa tumeiosha na kuiosha tena, lakini puani mwangu petroli ilikuwa palepale, na moshi wa moto uliponigusa kisogoni mwili ulinitetemeka wote, mikono, magoti, mpaka kidevu, nisiweze kuuzuia.

"Mashallah," mama alisema nyuma yangu, kwa ile sauti yake isiyo ya chini. "Tazama khushuu aliyonayo mwanangu, yuwatetemeka kwa kumcha Mungu."