Ampuli ya Stop

Ti-ti-ti, kama punje za mchele ndani ya kikombe cha bati. Ilikuwa alfajiri, umeme wa mtaa wetu wa Kinama umekatika, na sauti ilitoka kitandani kwa Orlane, binti yangu wa miaka minne. Alikuwa akitikisa ampuli iliyoungua, balbu ya taa ya nyuma ya kamioneti niliyoitoa jana, na waya uliokatika ndani ukawa unagonga kioo.

"Lete hiyo, itakukata."

Niliimulika kwa simu. Ndani, waya mbili: mwembamba mzima, mnene umekatika. Nikaigeuza. Kwenye kitako, vidoti viwili vya lehemu. Zile za LED nilizofunga jana zilikuwa na kidoti kimoja.

Mume wangu Marcellin anaendesha kamioneti ya Mzee Azzan, kutoka bandarini hadi depo, ghala la Mzee. Mashimo ya barabara hayaachi ampuli ya nyuma ikae mwezi, ndiyo maana niliomba niweke LED, ambazo hazina waya wa kukatika. Ninasoma umeme wa magari, masomo ya jioni. Mzee akakubali: gari ikipita kontrole, ule ukaguzi wa magari, nitafunga na za kamioneti zake mbili zilizobaki. Ingekuwa kazi yangu ya kwanza.

Jana jioni tuliwasha taa, nyuma kukawa kwekundu hadi raha. Marcellin akakanyaga breki. Wekundu ukabaki uleule.

"Mama Orlane," Mzee alisema, "taa yako inapendeza, lakini wa nyuma atajuaje kama tumesimama? Kesho saa mbili gari iende kontrole. Ikibaki hivi, naita fundi mwingine."

Saa moja asubuhi nilikuwa dukani kwa Dalia, anayeuza vipuri, nimemshika Orlane mkono.

"Dalia, ulinipa nini?"

"Uliomba ampuli ya stop, mi nikakupa ya stop. Ile inafanya stop peke yake, ya breki tu. Ya gari yenu ni ya kazi mbili, taa ndogo na stop, kila kazi na kidoti chake." Akakunja uso. "Lakini iliingia namna gani?"

"Nilisukuma."

"Ulisukuma! Ndiyo mambo mnafundishwa jioni?"

Alicheka mpaka mtandio ukateleza mabegani, nami nikacheka naye, ningefanya nini? Akanibadilishia, kila moja na vidoti vyake viwili.

Kule depo, ampuli mpya hazikuniomba nguvu hata kidogo. Niliingiza, nikazungusha, zikakaa. Marcellin akavuta milango ya depo ili kuwe giza, nami nikapanda kwenye usukani.

"Mzee, simama nyuma uangalie," nikasema.

"Apana. Mi nitasema vizuri kwa kukuonea huruma. Mutoto aangalie."

"Orlane," nikaanza, "ukiona—"

"Usimufundishe!" Mzee akanikatiza. "Aseme anachoona."

Marcellin alinikonyeza kwenye kioo cha pembeni, karatasi za gari zikiwa tayari mkononi. Niliwasha taa ndogo. Nyuma yangu ukutani ukatokea wekundu hafifu. Orlane alisimama nyuma ya gari, mikono mgongoni, kama mkaguzi.

Nikaweka mguu kwenye breki, polepole, nikakanyaga.

"Mama, taa imekuwa kubwa."