Tarumbeta ya Mtu Aliyelala

Mchana wa nyumba ile ulikuwa na tabia ya kusahau kuisha. Jua liliingia kwa dirisha la kushoto, likapenya pazia jembamba, na chumba kikajaa mwanga wa rangi ya chai ya maziwa. Hata saa ya ukutani ilionekana kusinzia.

Ndani ya mwanga huo alilala Mapafu, nusu ya mwili wake ikiwa imegoma tangu apigwe na kiharusi. Nusu tu. Ulimi haukuguswa, na waliokuja kumjulia hali waliondoka wakilijua hilo vizuri sana. Jina la Mapafu alipewa na wenzake wa bendi, enzi zile alipokuwa akishika tarumbeta na kuivuta sauti moja mpaka wachezaji wachoke kungoja ikatike.

Aliyemuuguza dada huyu ni mdogo wake, mpaka rangi wa visanamu: wafalme wa sataranji, askari wa kimo cha kidole gumba, malaika wa kuwekwa kabatini. Mapafu alimwita Fundi, mara chache kwa heshima, mara nyingi kwa kejeli.

Jumamosi, mtoto wa Mapafu angekuja kumchukua mama yake. Aliishi mbali, mkewe alikuwa muuguzi, na nyumba yao haikuwa na ngazi. Kila mtu aliona ni jambo la busara. Fundi mwenyewe ndiye aliyempigia simu, siku mgongo wake ulipokataa katakata kumwinua dada yake. Tangu simu ile hakuwa na raha. Alijiona amemtupa. Mtu aliyemsuka nywele, aliyempigania shuleni, leo anafungashwa kama mzigo! Basi akakata shauri: Dada haondoki mikono mitupu. Ataondoka na tarumbeta yake.

Ile ya kweli ilikuwa mali ya bendi na ilisharudi kwa bendi. Kwa hiyo Fundi akafinyanga kisanamu cha mwanamke aliyevimbisha mashavu, tarumbeta mdomoni. Kwanza akaipaka rangi ya dhahabu ya kopo, ile yenye vumbi la madini. Mapafu akaitazama, akacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

"Fundi, hii imeanguka kwenye mchanga?"

Alisema kweli. Kwenye kitu kidogo namna ile, kila chembe ya vumbi huonekana kama kokoto. Fundi akaikwangua, akarudi mezani na rangi za kawaida: kahawia inayokaribia weusi, kahawia ya udongo, njano, na nyeupe kidogo. Hakuna hata moja inayong'aa. Lakini Fundi aliijua siri, kwamba dhahabu huishi kwa kuazima. Juu huazima mwanga wa taa, chini huazima giza la sakafu, na pale mwanga ulipo mkali kupita kiasi, giza zito hukaa jirani yake kabisa. Ukithubutu kuweka weupe ubavuni mwa weusi, jicho litajidanganya lenyewe.

Alipaka kwa brashi ya nywele chache, akibana pumzi. Alipoweka nukta ya mwisho, nyeupe, ndogo kuliko punje ya chumvi, tarumbeta ikawaka. Fundi akabaki mdomo wazi. Chini ya taa yake ya mezani ilimeta kiasi kwamba alikaribia kuisikia.

Akaipeleka chumbani, akaiweka kwenye rafu ya juu, upande wa miguu ya kitanda. Kisha akasimama kando, akingoja kusifiwa.

Mapafu alikitazama. "Umepaka matope."

"Dada!"

"Matope, mdogo wangu. Mazuri, laini, yamepakwa kwa adabu. Lakini matope."

Moyo ulimuuma Fundi vibaya. Akajitupa kitandani ubavuni mwa dada yake, chali, kama walivyolala walipokuwa watoto, akafumba macho ili machozi yasimwaibishe. Pazia likavuta pumzi, likashusha. Alipofumbua macho, akaona.

Kutoka kwenye mto, tarumbeta ilionekana kwa chini. Na huko chini ndiko alikokuwa amelundika giza lote la sakafu. Dhahabu yote ilikuwa juu, ikilitazama dari, ambako hakuishi mtu ila buibui.

"Kumbe huku ndiko unakoishi," alisema taratibu.

"Ndiko. Karibu."

Kuanzia hapo ikawa kazi ya watu wawili. Fundi alilala, akatazama mwanga wa dirisha unavyopanda ukutani, akainuka, akapaka mstari mmoja, akarudi kulala. Mapafu alitoa amri.

"Kushoto. Kushoto kwangu, siyo kwako. Hapo. Ongeza."

"Itaharibika ukiitazama umesimama."

"Nani atasimama?"

Wakacheka mpaka kitanda kikalia. Mchana uliofuata nao ukaja, ukawafunika, na wakawa hawajui kama wanapaka au wanaota. Mara nyingine Mapafu alizungumza huku amefumba macho.

"Unajua mimi sijawahi kuiona ikiwaka? Nilikuwa nyuma yake. Niliona nyuso za watu tu. Wewe ndiye uliyekuwa unakaa sakafuni mbele ya jukwaa, kidevu juu."

"Nilidhani jua linatoka humo," Fundi akasema.

Ijumaa, mwanga ulipofika mahali pake, tumbo lote la tarumbeta likawaka kwa chini, njano ikiyeyuka kuwa nyeupe, weusi ukiibana pembeni. Mkono mzima wa Mapafu ulitafuta mkono wa Fundi, na vidole vitatu vikaanza kubonyeza, taratibu, wimbo ambao haukuhitaji pumzi.

Jumamosi gari lilikuwa mlangoni mapema. Fundi alichukua kisanamu akaanza kukifunga kwenye pamba.

"Kiache," Mapafu alisema.

"Nimekitengeneza uende nacho."

"Huko dirisha liko upande gani? Unajua? Mimi sijui. Kimepakwa kwa ajili ya kitanda hiki." Akamtazama mdogo wake moja kwa moja. "Na acha kununa. Hujanitupa. Nani aliyewahi kupaka dhahabu kwenye makalio ya tarumbeta kwa ajili ya mtu wa kutupwa?"

Fundi alilia, tena kwa sauti, mpaka mpwa wake akatoka nje kungojea. Kisha wakambeba Mapafu pamoja, akiwaelekeza njia nzima jinsi ya kumbeba.

Gari lilipoondoka, Fundi alirudi chumbani kutandua mashuka. Alisimama mbele ya rafu. Tarumbeta ilikuwa kahawia tupu, na weupe umekaa mahali pa ajabu, kama kazi ya mwanafunzi. Akalala kidogo, kwenye shimo ambalo mwili wa dada yake ulikuwa umeliacha kwenye godoro, kichwa kwenye mto wake. Dhahabu ikarudi.

Alijaribu kuinuka, ikazimika. Akalala tena. Mashuka hayakufuliwa siku hiyo.