Kitabu cha Getini

Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa vimevimba na kuwa vyeusi kama bilingani, na cha kati kilishaanza kunuka. Fundi wa nondo aliuweka mkono huo mezani kwa meneja wa mradi, aone mwenyewe. Mkewe alisimama nyuma, nakala ya mkataba wa mradi na serikali kifuani.

"Daktari kasema apasuliwe leo, la sivyo wataukata," mke alisema. "Na bila barua yenu hapokelewi. Kifungu cha tisa, bosi: mfanyakazi akiumia kazini, mradi unamtibu."

"Pole, mama. Lakini mumeo si mfanyakazi wetu."

Fundi alicheka bila kupenda. Miezi minane anafunga nondo za hospitali hii ya serikali, ghorofa nne nzima, na nondo hizo hizo ndizo zilizomwangukia juzi! "Bosi, acha utani. Kila siku natia sahihi getini. Kitabu si kipo?"

"Kilete," meneja alimwambia karani wake.

Kitabu hicho fundi alikipigania mwenyewe. Vibarua walipochoka kuambiwa "wewe hatukujui", ndiye aliyewashawishi wagome mpaka kiwekwe kitabu getini, na kilipowekwa walimbeba juu juu. Wasiojua kuandika aliwafundisha kwa msumari mchangani, saa ya mapumziko. Jalada karani alilivika gazeti. Lisichafuke, alisema.

Meneja alilibandua gazeti taratibu. Chini yake: KITABU CHA WAGENI.

"Umetutembelea mara mia moja themanini na mbili," alisema. "Karibu sana."

"Lakini hapa, sababu ya kuja, nimeandika kazi! Kila siku, kazi!"

"Hata mkaguzi wa wizara akija huandika kazi. Naye nimtibu?"

Mke aliupiga mkataba mezani. "Hamna haya! Mtu aoze mkono mkimchezea maneno?"

"Mama, mlango huo hapo."

Walipofika getini, zamu ya mchana ilikuwa imepanga foleni, na karani alishawatangulia na kitabu, kimevikwa gazeti jingine. Mbele kabisa alikuwa shemeji yake fundi, mdogo wa mkewe, ulimi nje, anaandika.

"Msiandike!" fundi alipiga kelele. "Ni kitabu cha wageni! Wametuandikisha wageni!"

Foleni ilisimama. Watu waliutazama mkono wake, kisha wakatazamana.

"Asiyeandika haingii," mlinzi alisema, macho chini. "Na nje wapo wengi wanaongoja."

Shemeji alimtazama dada yake, akamtazama fundi, machozi yakimlenga.

"Nisamehe, shemeji," alinong'ona. Akainama tena, akaimalizia herufi ya mwisho polepole, kwa mwandiko mzuri aliofundishwa mchangani.