Hati Iliyoliwa Mchana Kweupe

Tusimame kidogo tulikumbuke jino lililong'oka, kisha tuendelee.

Fundi seremala alimtengenezea shemeji yake, mume wa dada yake, vitanda arobaini vya kuuza dukani. Shemeji hakuwa na pesa mkononi, akatia sahihi hati kwamba atalipa baada ya miezi mitatu. Fundi naye, kwa kuwa mbao hazikopeshwi, akaiuza hati hiyo benki na kutia sahihi yake mgongoni mwa hati. Maana ya sahihi ya mgongoni alielezwa haraka haraka: Shemeji asipolipa, benki ina haki ya kumshtaki yeyote kati yao. Na Fundi alikuwa na kitu kimoja tu cha kukamatwa, mashine yake ya randa.

Miezi ikaisha. Wakili wa benki, mama mpole mwenye miwani, akaja dukani na hati yenyewe ili aionyeshe na kudai malipo. Fundi akafuatana naye, roho ikiwa kwenye mashine.

"Hebu niione vizuri, mama," alisema Shemeji. "Macho yangu siku hizi..."

Akapewa. Akaitia kinywani.

Fundi akamrukia. Wakaangukia sofa jipya lenye nailoni yake. Fundi akang'oa mguu wa kiti, akamchapa nao taya.

"Tema!"

"Mm-mm," alijibu Shemeji, kwa adabu ya mtu asiyeongea na chakula mdomoni.

"Tema, shemeji, nisije nikamfanya dada yangu mjane!"

Akamgongesha kichwa ukutani. Saa ya ukutani ikadondoka, ikampasua Fundi paji la uso. Damu ikamjaa machoni. Akapapasa, akaingiza vidole viwili kinywani mwa mwenzake; Shemeji akauma mpaka mfupa ukalia ka! Fundi akapiga yowe, lakini vidole havikutoka vitupu: vilitoka na jino moja, pamoja na nusu ya hati.

Nusu ya pili ilionekana ikishuka kooni.

"Ushahidi huo, mama," alisema Fundi, mkono ukichuruzika. "Mshtaki huyu mlafi."

Wakili akaifuta kwa leso, akaigeuza. "Sahihi ya shemeji yako ilikuwa upande wa mbele, nusu ya juu. Imeliwa. Hii ya mgongoni imebaki safi kabisa. Ni yako."

"Lakini umemwona akila!"

"Nimemwona, na nitasema. Ila kesi ya kilichomo tumboni itachukua miaka, kaka. Ya karatasi ni fupi. Benki inaruhusiwa kuchagua, nayo imeshachagua. Jumatatu nafungua kesi. Mashine usiihamishe."

Pale sakafuni Shemeji akacheka, kicheko kikapita kwenye pengo jipya kwa mluzi.

Fundi akavifunga vidole vyake kwa foronya. Akauokota mguu wa kiti. Safari hii hakulenga taya, alilenga tumbo.

"Shemeji wangu mpenzi," alisema kwa upole, "tapika."